Bibi Hakoromi

Jumanne, 4 Machi

Balaa! Redio amepimwa, ana kirusi. Ni mwenzangu kwenye karakana ya kushona sare za shule. Tunamwita hivyo kwa sababu hazimiki. Jana tulikaa bega kwa bega kwenye meza ya vifungo. Kibaya zaidi ni uzi. Ncha ikichanuka, yeye huilowesha mdomoni, huisokota, hunipa. Nami naiona bado haijakaa sawa, naitia mdomoni tena. Kutwa nzima!

Muuguzi ametuambia sisi tuliokaa naye: nyumbani, barakoa, madirisha wazi, tujitenge na wazee na wenye vifua vibovu, tupimwe Jumamosi.

Mimi nalala chumba kimoja na Bibi. Bibi mzima, kifua kibovu. Kimeshamlaza hospitali, na dawa yake ya kuvuta haimtoki mkononi kama wengine na funguo.

Nilitaka kusema tangu mlangoni. Nilifungua mdomo. Wote wakanitazama. Nikaufunga. Shuleni nimekula adhabu za watu kwa kuona haya kujieleza. Halafu Mama akisikia, ananitoa karakanani.

Kwa hiyo, mpango: kuhamia stoo bila kutaja kirusi. Ilihitajika sababu. Nikasema Bibi anakoroma.

Kijiko cha Kaka kilisimama hewani. Bibi akasema taratibu kwamba hakujua, nimsamehe.

Bibi hakoromi! Analala kimya kama maji ya mtungini.

Jumatano, 5 Machi

Stoo. Gunia la mkaa, baiskeli bila gurudumu, mimi. Nimenunua kipimo kwa siri. Safi, hakuna kitu! Nikacheza mpaka kichwa kikagonga baiskeli. Ndipo nikakumbuka muuguzi alivyoonya: ukipima mapema, kirusi hakijajitokeza. Nikakaa chini.

Chakula naomba kiachwe mlangoni. Kaka akaweka mdomo kwenye tundu la ufunguo, akauliza Malkia wa Mkaa amenuna nini. Mwenyewe akajijibu kwamba ni mapenzi. Akamwambia Mama. Mama akampigia Shangazi. Umbea wa nyumba hii unaambukiza kuliko kirusi chochote.

Alhamisi, 6 Machi

Shangazi amekuja. Hakupiga hodi, hajawahi. Akaketi nami juu ya gunia, paja kwa paja, akanishika mikono na kutaka jina la kijana. Barakoa nilisingizia vumbi la mkaa. Nikawa napumua kwa kuiba. Akasema maskini mtoto, hata pumzi imekwama, penzi hili si la mchezo!

Ilibidi nimtoe haraka. Nikakiri kwamba kijana yupo, nitamtaja siku yake ikifika. Akaondoka anapiga vigelegele vya chini chini. Kwa kutaka watu wakae mbali, nimepata mgeni wa gunia moja.

Kaka anasema Bibi haongei mezani. Jioni nimemsikia anakohoa.

Ijumaa, 7 Machi

Bado anakohoa. Nimeshinda na sikio ukutani. Kila kikohozi nakihesabia uzi niliolowesha.

Mchana alikuja mwenyewe. Nilimtambua kwa filimbi ya kifua tangu uani. Nikarukia komeo.

"Mjukuu wangu," akasema, "usiku nakaa macho dirishani nisikorome. Rudi kitandani kwako."

Akasukuma mlango. Nikausukuma nami. Mimi, kusukumana na Bibi! Akauliza kama nimefikia hapo. Akasema basi, atafunga nguo zake aende kwa Shangazi, hawezi kumfukuza mtoto chumbani kwake.

Nilisikia kandambili zake zikiondoka, zikisimama apate pumzi, zikiondoka tena. Ndipo nikapiga kelele, mimi ambaye darasani niliitikia jina langu kwa kunong'ona:

"Bibi, hukoromi! Nilikaa na mgonjwa! Usinikaribie!"

Akacheka mpaka nikaogopa.

"Ndilo hilo tu? Si ungesema, 'Bibi, kaa huko'? Ningekaa huko huko! Wewe nakupenda, lakini kifua changu nakipenda zaidi."

Akaamrisha dirisha la stoo lifunguliwe na nyumba nzima ivae barakoa. Mama alisema mengi, karatasi haitoshi.

Jumamosi, 8 Machi

Zahanati. Ninacho! Koo linawasha, homa kidogo. Bibi hana. Muuguzi anadhani kikohozi chake ni cha ubaridi wa dirishani, lakini atampima tena Jumatatu. Akasema kilichomsaidia ni mimi kuhama chumba mapema.

Kumbe mpango wangu ulifaa! Mama akaniambia nisithubutu hata kuwaza hivyo.

Muuguzi ametaka niwaarifu wote niliokaa nao. Yaani Shangazi. Mama amekataa kunisaidia: wewe ulimwongopea, wewe utamweleza. Nimeapa mbele ya Bibi kwamba kuanzia sasa nasema kitu kama kilivyo.

Jumapili, 9 Machi

Sentensi moja tu: "Shangazi, nina kirusi, jifungie, kapimwe." Nimeiambia baiskeli tangu alfajiri, ikatoka vizuri. Nikapiga simu.

Akapokea kwa kigelegele. Kijana anakuja lini?

Ningemvunjaje moyo? Mara mpango ukaja wenyewe, safi kabisa. Nikamwambia kijana atapita kwake kujitambulisha, siku sijui, saa sijui, kwa hiyo asitoke nje hata kidogo. Akaapa hatoki. Amejitenga, na hana hofu! Mama kauliza kama nimemwambia. Nikasema amekubali kukaa ndani.

Jumatatu, 10 Machi

Bibi hana! Kapimwa tena, hana! Nimelia hadi barakoa ikalowa. Yeye alinipungia mkono kutoka ng'ambo ya uani, akaniambia nilie kuelekea upande mwingine.

Kaka amerudi kutoka kwa Shangazi. Kweli hajatoka. Ila ameita watu wampokee mgeni: wajomba, majirani, mzee wa jirani mwenye pumu awe msemaji. Wamebanana sebuleni, madirisha yamefungwa vumbi lisichafue vitambaa vya viti.

Hapa hakuna kuona haya tena. Hili ni jambo la afya za watu. Simu ninayo mkononi, inaita.

Nitamwambia kijana anaogopa watu wengi.