Siku Kisanduku cha Profesa Kilipopatia

Gari jeupe lilipita mbele ya kibanda cha chai likinguruma kwa uchungu, na kuku mmoja aliyekuwa akitembea kando ya barabara akalipita bila kujitahidi. Profesa akaweka kikombe chini. Gia otomatiki, akajiambia, na haibadiliki. Usukani alikuwa ameushika Mama Dobi, mwenye duka la kufua na kupiga pasi, na nyuma yake suti za wateja zilining'inia.

Uprofesa alijipa mwenyewe, asubuhi moja, na hakutokea mtu wa kupinga. Kazi yake ilikuwa kuchomoa waya kwenye magari ya watu yakiwa yameegeshwa, kisha kupita pale "kwa bahati" wakati mwenye gari anajikuna kichwa. Alikuwa na kisanduku cha kupimia umeme: kava la redio ya zamani, taa nyekundu, na kitufe kilichojificha chini ya kidole gumba.

Alikuwa pia na pikipiki, na hiyo ilikuwa halali. Mkewe, fundi cherehani, alimnunulia kwa akiba yake ili abebe abiria na aachane na ujanja. "Siku utakayorudi bila hii pikipiki," alimwambia, "usinigongee mlango. Kalale huko ilikolala yenyewe." Mkewe hakuwa na tabia ya kusema mambo mara mbili.

Profesa akalifuata gari kwa pikipiki yake, akamkuta Mama Dobi akishusha suti mbele ya duka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Hilo gari linakusumbua."

"Linajikokota tu. Labda limezeeka kama mimi."

"Wewe hujazeeka, mama. Ila gari naona lina umeme unaovuja kwenye giaboksi. Niruhusu nilipime. Sitaki kitu, natafuta thawabu."

"Lipime tu. Mimi najua pasi."

Akafungua boneti, akainama, na furaha ikamjaa hadi kooni. Kando ya giaboksi, kichwa cha waya kilikuwa kimechomoka, kinaning'inia, hakina hata vumbi. Profesa alikuwa tapeli lakini mjinga hakuwa. Alijua kwamba giaboksi ya namna hii ikikosa umeme hujifungia kwenye gia ya tatu, mwenye gari ajikokote nayo hadi kwa fundi. Dawa yake ni kuchomeka tu. Yaani leo hata kuchomoa amechomolewa.

Akatoa kisanduku. Taa ikawaka, ikazimika, ikawaka tena. Profesa akavua kofia.

"Mama, una ndugu wa karibu wa kukushika?"

"Sema tu."

"Giaboksi imekufa."

"Yote?"

"Clachi zimeungua. Humo ndani yamebaki majivu. Kisanduku hiki hakidanganyi."

Mama Dobi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajifuta macho kwa kola ya shati la mteja. "Hebu rudia kwa sauti, wasikie na hawa wateja wangu. Nisije nikaambiwa nimetupa gari zima."

Profesa akarudia kwa sauti ya msibani, akaongeza na maneno mengine ya kitaalamu ambayo hata yeye aliyasikia hapo kwa mara ya kwanza. Wateja wawili wakatikisa vichwa. Kisha, kwa huruma iliyomshinda, akajitolea kulinunua gari kama chuma chakavu.

"Pesa nitazila zitaisha," alisema Mama Dobi. "Mimi nina nguo za kupelekea watu. Nipe hiyo pikipiki, uchukue mzoga wako. Na hicho kisanduku uniachie, kinaonekana kinasema kweli."

Profesa akaukumbuka mlango wa nyumbani kwake. Lakini mwenye gari hagongi mlango, mwenye gari anapiga honi. Akatoa ufunguo wa pikipiki.

Alijikokota hadi kona ya kwanza, akafungua boneti huku akipiga mluzi, akachomeka waya. Akarudi kwenye usukani, akaweka gia. Injini ikanguruma vizuri, gari likabaki palepale. Akakanyaga mafuta hadi paka akahama mtaa. Palepale. Akaweka rivasi, gari likarudi nyuma kwa nguvu zote. Akachomoa waya, likaanza tena kujikokota mbele.

Hapo mluzi ukamkauka. Umeme ukiwepo, giaboksi ilikuwa ikiitafuta gia ya kwanza, na gia ya kwanza haikuwepo tena duniani. Waya ule haukuchomoka wenyewe. Ulichomolewa makusudi, ikawa ndiyo fimbo ya gari kutembelea.

Akarudi dukani.

"Mama, hii giaboksi imekufa."

"Pole, mwanangu. Si ulishaniambia?"

"Nilikuwa nakudanganya."

Mama Dobi akasimamisha pasi. "Umenidanganya wapi? Ulisema clachi zimeungua, na kweli zimeungua. Fundi aliyenichomolea huo waya naye alisema hivyo hivyo, ila yeye hakuwa na taa."

"Lakini wewe ulijua."

"Nilijua. Ila mimi ni nani nimkatize profesa?"

Mteja mmoja akasema kwamba hata yeye alisikia, na maelezo yalikuwa mazuri sana.

Profesa aliona aibu hadi masikio yakamchoma. Ameudanganya mji huu miaka yote, akala na kushiba. Amesema kweli mara moja, tena kwa bahati mbaya, na pikipiki imekwenda.

Nyumba yake ilikuwa juu ya mlima. Gia ya tatu ilifika nusu ya mlima ikakata tamaa. Ikabidi ageuze gari, aweke rivasi, apande kinyumenyume, majirani wakitoka mmoja mmoja kumsindikiza. Mkewe alikuwa mlangoni, utepe wa kupimia shingoni.

"Pikipiki iko wapi?"

"Nimebadilishana na gari."

"Mbona linakuja kwa mgongo?"

Profesa akautafuta uongo, akakuta umemwishia. "Giaboksi imekufa."

Mkewe akafungua boneti. Kichwa cha waya kilikuwa kinaning'inia, hakina hata vumbi.

"Umefika mahali pa kunitapeli hata mimi?"

"Mke wangu, naapa, hii ni kweli."

"Waya umechomoa mwenyewe. Sikujui wewe?" Akauchomeka kwa kidole kimoja, akafunga boneti. "Gari zima hili. Lirudishe, uje na pikipiki."

Na mlango ukafungwa. Profesa akaingia kwenye gari, akaweka gia ya kwenda mbele, akaachia breki. Gari likateremka mlima taratibu, likibebwa na mteremko, bila tatizo lolote, na majirani wakamhakikishia mkewe kwamba kweli lilikuwa zima.