Kuni za Mama Mkwe

Leo nimeadhirika, jamani. Si kidogo. Kaeni hapa barazani kwa mama mkwe wangu, shikeni vikombe vya kahawa, niwaeleze mwenyewe, maana huko Msimbazi inasimuliwa tayari na kila mtu anatia chumvi yake.

Mnajua mke wangu Mwajuma amejifungua. Mtoto wa kiume, wa kwanza! Yuko humu ndani kwa mama yake mpaka arobaini ziishe, na leo ni siku ya saba, siku ya kutaja jina. Mnajua pia kwamba mzazi hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, na maji hayachemki kwa dua. Kuni ni juu ya baba wa mtoto. Juu yangu mimi, fundi cherehani, ambaye kitu kizito kuliko vyote ninavyoinua ni pasi ya mkaa.

Nilikuwa nikileta vifurushi vya sokoni. Mama mkwe, Bi Hadija, akawa anavitazama tu. Juzi akaniita.

"Baba, masika hayo yanabisha hodi. Kuni zikilowa, mwanangu atakandwa kwa moshi?"

"Nitaleta, mama."

"Utaleta lini? Na hilo jina nalo?"

Hapo ndipo penye kidonda. Mimi nataka Salumu, jina la marehemu baba yangu. Nilimwahidi akiwa kitandani, amenishika mkono, na amekufa bila kumwona mjukuu. Bi Hadija anataka Mbwana, jina la marehemu mumewe. Tumebishana siku nzima nzima kwa adabu (yeye anabisha, mimi nina adabu). Juzi akakata shauri mbele ya majirani: "Atakayeingiza kuni za masika yote hapa mlangoni pangu kabla ya alasiri ya siku ya saba, huyo ndiye atakayetaja jina. Asipotokea mtu, nitataja mimi."

Nikamkimbilia Athumani. Tulisoma naye chuoni kwa maalimu mmoja, siku hizi anaendesha trekta kwenye shamba la mikorosho la Mwarabu fulani kule Kipawa. Tajiri wake akaridhia: mikorosho iliyokauka tukate, trekta na tela tuchukue kwa siku moja. Nikamwomba mama mkwe anipe Shabani, kitinda mimba wake, anisaidie kubeba. Ana miaka kumi. Shemeji yangu huyo ni mtoto wa maswali. Tangu alfajiri: "Hiki cha nini? Kwa nini linatoa moshi kwa juu? Na hapa tela linashikwa na nini?" Athumani akamjibu yote, tena kwa kumwonyesha. Mimi nilikuwa na jibu moja tu: "Kaa huko nyuma, nyamaza!"

Tukakata kuni. (Athumani alikata. Mimi nilipiga shoka mara nne, viganja vikatoka malengelenge, nikahamia kwenye kazi ya kusimamia.) Shabani anabeba, mimi nasimamia, na huku nasimamia nikawa namweleza habari za baba yangu, alivyokuwa mcheshi, alivyofurahi nilipooa, nilivyomwahidi jina. Sikudhani kama ananisikiliza. Kabla ya saa sita tela lilikuwa limejaa mpaka juu, kuni kavu, nzuri, na Shabani amepanda kileleni.

Tukashika Barabara ya Pugu. Trekta linalia, linakohoa, linajikokota. Kufika Ilala, adhana ya adhuhuri. Athumani akaegesha ubavuni mwa msikiti. Injini hakuizima, kwa sababu betri yake imekwisha. Ukilizima, kuliwasha ni kazi ya wanaume sita wa kusukuma. Akaruka chini, akainama huko nyuma kidogo, akasimama.

"Njoo tuswali."

"Tangulia. Mimi nitaswali nikifika kwa mama mkwe."

(Mungu anisamehe. Nadhani hapo ndipo aliponiachia.)

Nikabaki peke yangu. Nikatazama juu, wingu jeusi limetanda upande wa Pugu. Tone moja likanidondokea puani. Nikaona kuni zinalowa, nikamwona mama mkwe anataja Mbwana, nikauona mkono wa baba. Na shetani naye akaninong'oneza: nenda mwenyewe! Ufike umeshika usukani, wakuone! Asubuhi ile shambani Athumani alikuwa ameniachia usukani, mwendo wa kutoka mkorosho mmoja mpaka wa tatu. Mie nikajiona dereva.

Nikakaa kitini. Shabani akapiga kelele kutoka juu ya kuni.

"Shemeji, ngoja! Kaka Athumani amechukua..."

"Kaa huko nyuma, nyamaza!"

"Lakini shemeji, hii..."

"Nimesema nyamaza!"

Nikaingiza gia. Tukaondoka.

Jamani, trekta lilivyochanganya! Mikononi mwa Athumani lilikuwa likilalamika njia nzima, mikononi mwangu likawa jepesi, linateleza tu. Nikajisemea, kumbe masikini Athumani hajui kuendesha. Kelele za injini zimenijaa masikioni, sisikii kitu kingine, na sikutaka kusikia.

Nikaingia Msimbazi. Watu wananishangilia! Wauza machungwa wanainuka, hamali wanaacha mikokoteni yao, wanapiga mayowe, wananyoosha vidole. Nikawapungia. Kwenye kona askari mwenye kaptula iliyonyooshwa pasi akaniinulia mkono. Nikampigia saluti. Bwana Jethalal, yule Mhindi wa duka la vitambaa ninayemshonea, akatoka mbio mpaka barabarani, mikono yote miwili anaitupa nyuma yangu, nyuma yangu! Miaka yote ninayomshonea, hajawahi hata kunisifu kifungo. Nikaunganisha viganja kifuani, nikamwinamia kwa heshima zote. Machozi yakanilengalenga, wallahi. Nikasema, baba, mtazame mwanao.

Nikakata kona kuingia mtaa huu. Hapa hapa mlipokaa walikuwepo wanawake wa mtaa mzima, wamekuja kwa ajili ya jina, na sufuria la pilau liko uani. Nikakanyaga breki, trekta likashtuka, likazima. Sikujali. Nikasimama juu ya kiti.

"Mama! Mlisema fundi cherehani hawezi. Mlivicheka vifurushi vyangu. Haya, leo tazameni!" Nikautupa mkono nyuma bila kugeuka. (Nilikuwa nimeufanyia mazoezi mkono ule njia nzima.) "Kuni za masika! Na za vuli! Na za mwakani! Niambieni tu zishushwe wapi!"

Wanawake wakatazamana.

Bi Hadija akasogea mpaka ukingoni mwa baraza. Akachungulia upande huu wa trekta. Akachungulia upande wa pili. Akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio unaoniua: "Baba, tushushe nini?"

Nikageuka. Nyuma yangu palikuwa na mbuzi. Mmoja. Anatafuna gunia.

Walicheka, jamani! Mmoja alikaa chini mchangani. Dirishani nikamsikia Mwajuma analia, "Msinichekeshe, naumia!" Nami nimesimama juu ya kiti, mkono bado uko nyuma, sijui niushushe vipi.

Kisha Bi Hadija akaacha kucheka. "Na Shabani wangu umemweka wapi?"

Kuni sina, jina sina, na sasa nimepoteza na mtoto wa watu! Nikajaribu kuliwasha trekta, halikuitika hata kwa kukohoa. Nikaruka chini nikimbie kwa miguu, suruali ikanasa kwenye usukani, ikapasuka nyuma, kwenye mshono, kutoka juu hadi chini. Suruali niliyoishona mwenyewe. Sasa utamkimbiaje mama mkwe huku umempa mgongo wa namna ile? Nikaegemea gurudumu la trekta, nikaganda hapo.

Ndipo tukasikia sauti za wanaume huko kona: "Haya! Sukuma! Haya! Sukuma!" Tela likatokea. Hamali kumi na zaidi wanalisukuma, Athumani kati yao kanzu imelowa jasho, na juu kabisa ya kuni amekaa Shabani, anaelekeza kwa kijiti. "Kulia kidogo! Angalieni mbuzi!" Hakuna hata ukuni mmoja uliopungua.

Athumani akanijia, akafungua kiganja. Ndani yake kuna pini ya chuma, ile inayoshika tela kwenye trekta. Kumbe ndiyo desturi yake: akiegesha mjini huichomoa akaitia mfukoni, mtu asije akamwibia tela la tajiri.

"Nilimwambia Shabani akwambie," akasema.

"Nilimwambia," Shabani akajibu huko juu. "Akasema ninyamaze. Basi nikawaita hawa, nikawaambia kwetu kuna pilau."

Bi Hadija akapanga mikono kiunoni. "Nilisema nini? Atakayeingiza kuni ndiye atakayetaja jina. Shabani mwanangu, shuka utaje."

Nikafumba macho. Mtoto wa marehemu Mbwana, aambiwe ataje jina, atataja la nani kama si la baba yake? Nami ningesema nini, baada ya kumnyamazisha tangu alfajiri? Sikuwa na haki hata ya kununa.

Shabani akafikiri. Akajikuna goti.

"Salumu," akasema.

Bi Hadija akashtuka. "Siyo Mbwana?"

"Jina la baba ninalo mimi, mama. Mimi ni Shabani Mbwana. Baba yake shemeji aliahidiwa jina hili akiwa kitandani. Shemeji kaniambia leo, kule kwenye kuni."

Sikuona aibu kulia. Ya suruali ilikuwa imekwishazidi. Bi Hadija naye akafuta macho kwa upindo wa kanga, akasema basi, Salumu, na vigelegele vikapigwa. Nikamfuata Shabani nimkumbatie. Akaninyooshea kijiti.

"Lakini nina sharti. Wakati wa kurudisha trekta, mbele kwa kaka Athumani nakaa mimi. Wewe unakaa kwenye tela. Na unyamaze."

Basi ndiyo hivyo. Hamali wamekula pilau, wamelisukuma trekta mpaka likawaka, pini kaitia Shabani kwa mkono wake. Nami nimepitishwa Msimbazi yote mchana kweupe, nimekaa kwenye tela tupu, nimefungwa kanga ya mama mkwe kiunoni kufunika mpasuko, sisemi neno. Wale wale wauza machungwa. Yule yule askari, safari hii saluti kapiga yeye. Bwana Jethalal akatoka mlangoni mwa duka, akaunganisha viganja kifuani, akaniinamia taratibu.

Wameniteremsha Ilala, nimerudi kwa miguu, kanga bado ninayo, mnaiona. Najua mnataka kucheka, mmevimba mashavu. Chekeni, lakini kwa chini. Salumu amelala.