Ombi la Kufutwa Jina Langu kwenye Ushuhuda wa Jumapili

Kwa Baba Mchungaji Elekana,
Nyumba ya Mchungaji, ng'ambo ya uwanja wa kriketi.

YAH: JINA LANGU KUWEKWA UBAONI BILA RIDHAA YA MIGUU YANGU

Baba Mchungaji mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta jongo limepungua mguuni na kakao yako ya asubuhi imepoa kiasi cha kunyweka. Sisi huku ni wazima. Najua kati ya nyumba yako na yetu kuna nyumba sita tu, na ningeweza kuja kukwambia haya kwa mdomo. Lakini kama ningeweza kuja kukwambia kwa mdomo, nisingekuwa na shida yoyote ya kukuandikia.

Mimi ni Fuatino, mjukuu wa Bi Lagimaina, yule wa mstari wa mwisho wa sauti ya pili ambaye hufungua mdomo bila kutoa kitu. (Naungama: ni mwaka wa tatu sasa. Namwomba radhi mwalimu wa kwaya, ambaye mwezi uliopita alinisifu.) Nina miaka kumi na sita. Nimesomeshwa kwa lugha mbili, Kisamoa na Kiingereza, na ninaweza kunyamaza kwa ufasaha katika zote mbili.

Nimeona kwenye ubao wa kanisa kwamba Jumapili ijayo, kabla ya mahubiri yako, nitatoa ushuhuda wa dakika kumi kuhusu niliyojifunza katika kambi ya vijana. Jina langu limeandikwa kwa rangi nyekundu na kuzungushiwa maua. Naomba lifutwe. Maua yanaweza kubaki. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nguzo. Wewe unajua kuliko mimi kwamba nyumba ya wageni ya kwetu haina kuta, ni paa juu ya nguzo tu, kwa hiyo mtu mwenye haya hana pa kujificha isipokuwa nyuma ya nguzo. Unajua pia kwamba nguzo ya katikati upande wa mbele ni ya msemaji, na za upande wa nyuma ni zetu sisi tunaohudumu. Hapa kijijini mbele ni baharini. Basi siku ya kwanza ya kambi niliwahi kabla ya wote, nikachagua nguzo nene kuliko zote upande wa nchi kavu, nikaegemea nikiwa na amani. Sikujua kwamba katika kijiji kile cha kambi barabara mpya imepitishwa upande wa milimani, na mwenye nyumba akaigeuza nyumba yake bila kugusa hata ubao mmoja, kwa kutangaza tu kwamba tangu leo mbele ni huku. Kiongozi wetu, Kaka Asofa, alipoingia na kunikuta nimekaa pale pa msemaji, alishika kichwa kwa mikono miwili. "Fuatino! Kumbe ni wewe! Mwaka mzima tunakuombea ufunguke!" Nilijaribu kuhama. Binamu yangu Pelenato, ambaye damu yake na yangu ni moja kwa bahati mbaya, akapaza sauti: "Msimwonee, alikaa mwenyewe! Hakuna aliyemsukuma!" Hapo nikawa msemaji wa vijana hamsini na watatu.

2. Sala ya chakula. Mchana huo chakula kiliandaliwa, magimbi yanafuka moshi, palusami, yale majani ya magimbi kwa tui la nazi, imetoka kwenye mawe ya moto sasa hivi. Pelenato akaombwa aombe. Alianzia kwenye uumbaji. Akapita kwa manahodha wa feri, wagonjwa kwa majina, wagonjwa wasiojulikana majina, na timu yetu ya raga mchezaji mmoja mmoja, pamoja na goti la yule wa mwisho. Tui la palusami likaanza kuganda. Kaka Asofa akanigeukia: "Na sasa msemaji wetu atufungie." Nilisimama. Nikasema: "Mungu, asante kwa chakula. Kinapoa. Amina."

Baba Mchungaji, ile amina waliyoitikia iliwakimbiza mbwa mpaka majini.

3. Umaarufu. Kutoka hapo kila mlo walipiga mikeka kwa viganja: "Fuatino! Fuatino!" Milo tisa. Wavulana ambao hawajanisalimu tangu darasa la kwanza walinifuata nikinawa: "Dada Fuatino, leo kuna samaki, fanya maneno manne tu!" "Manne mengi, dada, samaki hana subira!" Kaka Asofa aliona haya yote, akatokwa na machozi, na katika ripoti aliyokuletea ameandika kwamba hajawahi kuona vijana wenye kiu ya maombi kama hawa. Haikuwa kiu. Ilikuwa njaa. Wewe umeisoma ripoti ile ukaniweka ubaoni, na sikulaumu, maana imeandikwa vizuri.

4. Saa ya Kimya. Somo la siku ya tatu lilikuwa kuabudu bila maneno. Niliposikia, nilihisi kama mtu aliyetangazwa mshindi kabla ya mbio. Tulitawanyika, kila mtu peke yake kwa saa moja, na mimi nikakaa chini ya mshelisheli nikanyamaza kwa namna ambayo sijawahi kunyamaza. Wengine walikohoa, wengine walilala, Pelenato aliimba. Mimi nilizidisha dakika arobaini.

Na adhabu yake? Kaka Asofa alisema kwamba aliyenyamaza vizuri kuliko wote aje mbele atueleze kwa sauti.

"Mungu amekwambia nini, Fuatino?"

Nikasema kweli: "Hajaniambia kitu."

Wasichana watatu wakaanza kulia. Mmoja alisema, "Jamani, kina hicho!" Kina gani? Nilikuwa nimejibu swali tu.

Hapa naomba niungame, na naomba usimsomee mtu yeyote kipande hiki. Mama yuko Auckland mwaka wa sita. Hupiga simu Jumamosi. Bibi huongea naye mpaka simu inapata moto, halafu hupewa mimi, na mimi husema "Ndiyo, mama" mara nne, basi. Chini ya ule mti nilikuwa namweleza Mungu yale yote ambayo huwa simwambii mama. Kwamba nimeanza kuwa mrefu kuliko Bibi. Kwamba viatu alivyotuma vilikuwa vidogo nikasema vimenitosha. Mungu hakuniambia kitu, ni kweli, lakini pia hakunikatiza. Kama hiyo nayo ni ibada, basi nilijifunza ibada. Lakini si jambo la kusimama nalo dakika kumi mbele ya kofia za Jumapili za kina mama.

5. Rekodi yangu. Pengine umesahau, kwa huruma yako, ile Jumapili ya Watoto nilipokuwa na miaka saba. Nilipaswa kusema mstari mmoja. Nilisimama, mstari ukaondoka, nikakimbia nao nisijue wapi, kipaza sauti kikiwa bado mkononi. Hakikuwa na waya. Kanisa zima, pamoja na wageni kutoka Apia, lilinisikia nikijifungia chooni, nikilia, na halafu, kwa kuwa nilikuwa pale tayari, yaliyofuata.

Bibi alikuwa mstari wa mbele siku hiyo. Hakunigombeza. Alinishika mkono tukatembea kurudi nyumbani akisalimia kila mtu kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilimwona ameshusha ukingo wa kofia.

6. Kofia. Hili ndilo zito na ndilo linaloninyima usingizi. Bibi amesikia habari za karama yangu kutoka kwa Pelenato. Ameshona gauni langu jeupe. Amejisukia kofia mpya, pana kiasi kwamba shangazi mmoja ameuliza kama na yeye atapata kivuli chake. Kila anayepita barabarani anaitwa: "Njoo Jumapili! Mjukuu wangu anaongea!" Wananiangalia, mimi naangalia kuku. Nikisimama pale mbele sauti isitoke, mimi nimeshazoea, nitaishi. Lakini kofia ile, Baba Mchungaji, siwezi kuiona ikishuka mara ya pili.

7. Kwa hiyo, kwa mantiki ambayo nimeifikiria siku nne, naomba moja kati ya haya: (a) jina lifutwe, nawe umwambie Bibi kwamba orodha imejaa, au (b) waumini wote wafumbe macho na kuziba masikio kwa dakika kumi, kama tendo la imani, au (c) nihamishiwe dhehebu ambalo wanaabudu mmoja mmoja, gizani, na wenye ndugu hawaruhusiwi. Kwa malipo ya fadhila hiyo nitaosha vyungu vya kanisa mpaka siku nitakayoolewa, na kwa jinsi ninavyoongea na watu, ni miaka mingi. Aidha nitawazuia mbwa wakati wa mahubiri, kazi ambayo kwa sasa haina mtu. Tunakumbuka yule mbwa mweupe aliyesikiliza mahubiri yako yote ya Pentekoste akiwa amelala juu ya miguu yako, na ndiye pekee siku ile aliyekaa mpaka mwisho bila kuangalia saa.

Sina zaidi, na haya tayari ni maneno mengi kuliko niliyosema mwaka huu. Nisalimie mama mchungaji na umwambie mkate wake wa nazi haukufika kambini, ulifika kwa Pelenato. Salamu kwa watoto, kwa mwalimu wa kwaya (na samahani tena), na kwa kila aliyezungushia maua jina langu. Alikuwa na nia njema.

Ni mimi, mwanao katika imani na katika mstari wa mwisho,

Fuatino

Nyongeza, jioni ileile:

Nilipokuwa nakunja barua hii Bibi alinikuta, akadhani naandikia mvulana. Nikakana. Akasema, "Basi isome, tusikie huyo mvulana anaitwa nani." Kina mama wa kamati walikuwa pale pale wanasuka mikeka, kumi na mmoja, na nyumba yetu kama unavyojua haina kuta. Nikasoma. Nilianza chini chini, wakasema "Paza, mtoto, hatusikii!" nikapaza. Kwenye namba mbili mmoja alikosea kusuka akafumua shibiri nzima. Shangazi aliyechelewa akataka nirudie kwenye nguzo, nikarudia. Majirani wa pande zote mbili wakaja wakataka kusikia habari za kipaza sauti. Mara ya tatu niligundua nimeishikilia karatasi kichwa chini.

Bibi hakucheka. Nilipofika pale pa mama, ambapo nilikuwa nimeazimia kuruka nikasahau, aliweka mkeka chini. Mwishowe akasema: "Huo ndio ushuhuda wako. Utausoma hivyohivyo. Ila pale pa mbwa, punguza kidogo, Mchungaji naye ni mtu."

Kwa hiyo naomba jina langu lisifutwe. Dakika kumi hazitatosha, nimepima. Naomba ishirini, na kama mahubiri yako yanaweza kusubiri Jumapili nyingine, thelathini.