Hisa Nzito za Profesa

Mtaa mzima ulikuwa na mwanaume mmoja tu anayejua teknolojia, na wa kwanza kukwambia hivyo alikuwa mwenyewe. Kazi yake kutengeneza simu. Jina la Profesa alijipa, watu walipochelewa kumpa.

Siku aliyoleta nyumbani mtambo wa kuchimba sarafu za mtandaoni, pasi ya mkewe, fundi cherehani, ilichomolewa ukutani. Soketi ilikuwa moja. Mtambo ukanguruma kama helikopta iliyokosa pa kutua, chumba kikageuka tanuri. Mkewe alisema hana neno, ila kama hadi Jumamosi hakuna kilichoingia, soketi itarudi kwa pasi. Bibi harusi hawezi kuvaa gauni la makunyanzi kwa heshima ya teknolojia.

Shemeji mtu, mchimbaji wa siku nyingi, alikuja kumuunganisha na kundi la wachimbaji. Akamfafanulia: mitambo yote inabahatisha namba, na kuotea ile ya ushindi ni nadra. Kwa hiyo kundi humwekea kila mwanachama shabaha ndogo. Kila akiipata, anapeleka ushahidi kwamba yuko kazini. Ushahidi huo ndio hisa. Shabaha ikiwa rahisi, hisa ni nyingi na nyepesi. Ikiwa ngumu, ni chache na nzito. Mgawo, ukijumlisha, ni uleule. Muhimu shabaha ilingane na nguvu ya mtambo.

"Wako mdogo, shemeji," alimalizia. "Acha kundi lenyewe likupangie."

Mdogo! Profesa alitabasamu kwa huruma, kama daktari aliyeshauriwa na mgonjwa. Shemeji alipotoka tu, akapandisha ugumu hadi kileleni, wanakokaa wenye maghala ya mitambo. Kisha huyoo kwa kinyozi, kutangaza kuwa yeye hisa zake ni nzito, haziji ovyo ovyo.

Ni kweli, hazikuja ovyo. Hazikuja kabisa. Jumatano kimya, Alhamisi kimya. Profesa akasema simba hazai kila siku.

Ijumaa, mkewe aliporudi kutoka kupiga pasi kwa jirani, simu ya mumewe ilipokea ujumbe wa kundi. Profesa, mikono imejaa jasho, akamwomba amsomee. Kwa ngurumo ile, ilibidi asome kwa sauti ya kufika hadi kwa kinyozi:

"Ndugu mwanachama, hatujapokea kazi yoyote kutoka kwako. Ukishapata mtambo, karibu sana."