Mlinzi wa Kabichi za Victoire

Jumatatu, 3 Julai
Nimefika Kipese jana. Baridi! Nimepanga chumba mkabala na shamba la kabichi la Victoire, mjane ninayetaka kumwoa kabla Sikuli hajaniwahi. Sikuli ana ng'ombe na mbwa. Mimi Jean-de-Dieu, fundi bati wa Kimemi, Butembo, nina akili. Mpango: naiba kabichi zake alfajiri, ukungu ukiwa mzito. Analia. Namjengea mlinzi wa bati. Wizi unakoma, maana mwizi ni mimi. Ananipenda! Kabichi za kwanza tayari ziko chini ya kitanda changu.

Jumatano, 5 Julai
Victoire amelia kweli. Shamba hilo ndilo linalolisha watoto wake. Nimeumia moyo. Kidogo.
Leo nimemsimamisha mlinzi. Ni ngozi ya ndege iliyoanguka, niliyoinunua Ruwenzori, kule Beni. Mabati ya aina mbili, yote mepesi: titani ya kijivu, alumini nyeupe. Mkono wake mrefu ni titani juu, alumini chini, nimezibana kwa safu mbili za misumari ya ribiti. Eliezer, fundi jirani pale Kimemi, aliniangalia nikigonga kabla sijaja huku, akatikisa kichwa. « Chuma za mama mbili hapana ota jua pamoja. » Eti alumini ikipata joto hutanuka kuliko titani, na zikifungwa pamoja lazima zipindane. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Julai
Asubuhi mkono ulikuwa umelala. Adhuhuri ulikuwa juu, unaonyesha kitu. Hakuna aliyeugusa! Ulikuwa unapanda mbele ya macho yangu, tik, tik, tik, kwenye kila ribiti. Jioni ukashuka polepole. Nywele zilinisimama.
Kisha nikamkumbuka Eliezer. Joto tu! Nimejiambia hivyo mara nyingi. Hata hivyo sikupita mbele ya mlinzi, nilizunguka. Mbwa wa Sikuli naye amekataa kukanyaga shamba, anabweka kutoka njiani.

Jumamosi, 8 Julai
Balaa. Mkono ukiinuka, unaonyesha nyumba ya Mama Emérence, jirani mzee wa Victoire. Watu wamejaa shambani adhuhuri kuutazama ukipanda. Wanasema mlinzi anamjua mwizi. Sikuli akapaza sauti: « Donc ni ule mama muzee njo anaiba? » Mama Emérence akaapa: « Miye hapana mwizi. Mungu iko anaona. » Vijana wamesema wakimkuta hapa Jumatatu, watachoma nyumba yake.
Neno langu moja lingemwokoa. Nilikuwa nalo mdomoni kabisa. Hapo Victoire akanishukuru mbele ya Sikuli, akaniita papa ya akili, yaani baba mwenye akili. Neno nikalimeza.

Jumapili, 9 Julai
Usingizi umenipa shida. Jikoni kwa Mama Emérence hakutoki hata moshi.
Wote walipokwenda misa, nikafukua mguu wa mlinzi na kumgeuza kuelekea kwa Sikuli. Nikashindilia mawe. Mama anapona, Sikuli anafukuzwa, Victoire ananibakia. Ndege wawili kwa jiwe moja! Wakati nashindilia, nilihisi natazamwa. Mlinzi hana macho, sikumwekea.

Jumatatu, 10 Julai
Ukungu mzito. Hakuna jua hata chembe. Baridi ya kugonganisha meno. Kwa hiyo mkono ulipaswa kulala.
Umeinuka. Tena hauonyeshi kwa Sikuli. Unaonyesha mlango wangu.
Nikasema mawe yamelegea. Nikasema upepo. Hapakuwa na upepo. Watu wakaja taratibu kutoka kwenye ukungu. Nikaapa kwa marehemu baba. Mbwa wa Sikuli akanipita miguuni, akaanza kukwaruza chini ya kitanda. Kabichi zilikuwa zimeoza, harufu ikatoka nje kabla yake.
Vijana waliokota mawe. Aliyewazuia ni Mama Emérence, alisimama mlangoni kwangu na kitenge chake kimoja. « Mumuache aende. Lakini abebe mutu yake. » Victoire hakunitukana. Aliniuliza tu kama ninayajua majina ya watoto wake. Siyajui. Hilo limenichoma.
Nikambeba mlinzi mgongoni. Huko njiani ukungu ukafumuka, jua likatoka. Tik, tik, nyuma ya sikio langu. Mkono ukapanda begani, ukazunguka shingo taratibu, kama mtoto anayebebwa. Nilitembea hivyo mpaka barabarani. Hakuna mwenye pikipiki aliyekubali kutubeba.

Jumatano, 12 Julai
Kimemi. Eliezer amejitolea kuzitoboa ribiti ili kila bati liende zake. Nimemkatalia. Mlinzi ni mzima. Mimi pia. Nimefikiri sana, na kosa nimelipata: ni kabichi. Kabichi hunuka! Kuku mzima hanuki. Pale Ruwenzori yuko Précieuse, mwalimu, hana mume, na kuku wake hulala nje. Nikianza na wawili watatu, alfajiri, atahitaji mlinzi.
Karakana ina giza na baridi leo. Mkono umeinuka hata hivyo, umenielekea mimi. Nimeutundikia koti.