Konokono Wangu Nyuma ya Kufuli

Jumatatu, 3 Juni

Makala yangu imetoka! "Uzito wa Konokono wa Bustani ya Shule Kabla na Baada ya Mvua." Imo katika jarida la Jumuiya ya Wanasayansi, ukurasa wa watafiti chipukizi. Shangazi ndiye katibu wa jarida, lakini hakunibeba. Wataalamu wawili walioipitia hawakuonyeshwa jina langu. Hilo nalisisitiza.

Nimetangaza darasani kabla ya kipindi cha kwanza. Ijumaa ya wiki ijayo tunachagua mwenyekiti wa klabu ya sayansi, na wagombea ni mimi na Darubini. Tunamwita hivyo kwa sababu kosa la mwenzake huliona hata likiwa jengo la pili. Akasema haya, tuione. Tukaenda maktaba, tukafungua kompyuta. Kichwa cha makala kikatokea. Jina langu likatokea. Chini yake, kufuli! Lipia ndipo usome. Nikatoa nakala niliyochapa. Darubini akasema hata kwao kuna printa. Akaongeza kwamba huenda makala inakuja na konokono wenyewe, tuipe muda. Watu hoi kwa kicheko. Hata mkutubi.

Nani atampigia kura mtafiti wa kwenye kufuli?

Jumanne, 4 Juni

Bahati iliyoje! Shangazi anasema Baraza la Jumuiya linakutana Jumamosi kuamua hilohilo: jarida libaki la kulipiwa na wasomaji na maktaba, au lifunguliwe lisomwe na kila mtu. Wajumbe wenye kura ni watatu: Mwenyekiti, Mhazini na Mhariri Mkuu. Watatu tu! Darasa letu lina vichwa vigumu zaidi ya hivyo.

Baada ya shule nikaenda ofisini kwao, ghorofani, juu ya duka la fotokopi. Nikamkuta Mhazini akihangaika na dirisha lisilofungika. Nikamshikia ubao wa kulizibia, huku namweleza kwamba elimu iliyofungiwa ni sawa na taa iliyofunikwa ndoo. Nilikuwa nimeiandaa njiani. Akaniangalia sana. Akasema binti, umenigusa. Atapiga kura ya kufungua.

Mmoja yuko mfukoni. Siasa ni rahisi kuliko konokono.

Jumatano, 5 Juni

Balaa! Shangazi kanieleza asubuhi wakati tunaosha vyombo vya jana. Jarida likifunguliwa msomaji halipi, lakini kazi ya kuliandaa ina gharama, kwa hiyo anayelipa ni mwandishi. Mwandishi! Sahani ikaniponyoka. Nikamweleza kwa kirefu kwamba huo ni uonevu, akawa anaitikia tu.

Kwenye chai ya asubuhi nikamuuliza Baba, kwa upole, kama amewahi kufikiria kufadhili sayansi. Akasema anaifadhili kila muhula, na sayansi yenyewe viatu vyake vya shule vinakwisha upande mmoja.

Kwa hiyo kufungua ni hatari. Baada ya shule nikakimbilia kwa Mwenyekiti wa Jumuiya, mama mtafiti wa nyuki, anayemwagilia maua ya ofisi kwa birika. Nikamwambia jarida libaki na kufuli lake, vinginevyo vijana maskini hawataandika kamwe. Kwa kweli nilikuwa namfikiria Baba. Akaweka birika chini, akasema mwanangu, hakuna aliyewahi kutuletea sauti ya vijana. Kura yake ni ya kufunga.

Nimerudi nyumbani kifua mbele. Nikiwa kitandani ndipo nikakumbuka Mhazini.

Alhamisi, 6 Juni

Kichwa kinazunguka. Kumbe, anasema mkutubi, kuna njia ya tatu! Jarida linabaki na kufuli, ila mwandishi anaruhusiwa kuweka nakala yake mwenyewe kwenye tovuti ya maktaba ya shule. Hakuna anayelipa. Kasoro ni kwamba inabidi asubiri mwaka mzima. Mwaka! Darubini atakuwa ameshazoea kiti.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mhariri Mkuu, mzee anayesahihisha hata vibao vya mlangoni. Nikamwomba apiganie njia ya tatu, bila kusubiri hata siku moja. Alisahihisha sentensi zangu mbili, kisha akasema hoja ni nzuri na ataitetea mpaka mwisho.

Usiku Shangazi akataja, huku anapiga pasi, kwamba watafiti chipukizi hawalipishwi chochote, jarida liwe wazi au lisiwe. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia jana. Akasema jana hukuuliza, jana ulikuwa unafundisha.

Kwa hiyo nilikuwa sahihi Jumanne. Au ni leo? Nimeandika njia zote tatu kwenye karatasi na kuzitazama. Zote zinanivutia.

Jumamosi, 8 Juni

Shangazi alinikubalia nikae nyuma, niwe nagawa karatasi. Laiti ningekataa.

Mhazini alisimama wa kwanza. Akasema lifunguliwe, kwani kijana mmoja alimfuata mwenyewe akamweleza habari ya taa na ndoo. Mwenyekiti akasema ajabu, yeye pia alifuatwa na kijana, naye alilia lisifunguliwe. Mhariri Mkuu akasema wake hakutaka hili wala lile, na sarufi yake ilikuwa na matatizo. Wakaulizana yukoje huyo kijana. Mrefu, mwembamba, soksi moja imeshuka.

Wote watatu wakageuka. Nikapandisha soksi.

Mwenyekiti akauliza, mwanangu, kwani wewe uko upande gani? Nikasema niko upande wa konokono. Shangazi akaingiza uso kwenye mafaili.

Hawakunifukuza! Walicheka mpaka Mhazini akapaliwa. Mwenyekiti akasema ikiwa mwandishi wao mwenyewe haelewi njia hizi, basi hata wao hawajazielewa. Wakaamua jarida zima liundiwe kamati. Ukurasa wa watafiti chipukizi, kwa kuwa haulipishwi, ufunguliwe Jumatatu, na yeyote aruhusiwe kuandika maoni chini ya makala.

Nimeshinda! Sijui vipi, lakini nimeshinda.

Jumatatu, 10 Juni

Kufuli limeondoka. Darasa zima limejazana maktaba. Darubini alisoma kwa sauti tangu mwanzo, na kwa dakika chache nilikuwa mtu mkubwa. Hata alisema jedwali limepangwa vizuri.

Kisha akarudisha kidole kwenye jedwali. Akauliza nilijuaje kwamba konokono niliowapima baada ya mvua ndio walewale wa kabla ya mvua. Niliwawekea alama?

Nikasema niliwajua kwa sura.

Paa nusura ling'oke.

Jioni Shangazi aliniuliza swali hilohilo, nikampa jibu hilohilo. Aliweka paji la uso mezani, akaliacha hapo. Alipoinuka alisema walioipitia makala wote wawili hawakuliona kosa hilo. Maoni ya Darubini yameshatokea chini ya makala yangu. Yana adabu. Yana aya nne. Mhariri Mkuu ameyajibu kwa kuyasifu, hasa nukta zake.

Ijumaa, 14 Juni

Darubini ndiye mwenyekiti. Mimi nilipata kura yangu na mkono wa msichana mmoja aliyekuwa anaomba ruhusa ya kutoka nje. Darubini alikuja kunipa mkono. Akasema tuwapime upya pamoja, ataleta rangi ya kucha ya dada yake tuwatie alama. Nikamwambia nitafikiria. Rangi nyekundu ingependeza.

Nimekaa nikatafakari kwa makini, na sasa nimeelewa kosa lilikuwa wapi. Makala iwe wazi, maoni ndiyo yawekewe kufuli! Anayetaka kusoma makosa ya mwenzake alipie. Kamati ya Jumuiya inaanza kazi kesho. Mwenyekiti nitamwambia ni kwa ajili ya vijana. Mhariri Mkuu nitampelekea kwa maandishi. Mhazini sijajua anapenda nini siku hizi, kwa hiyo yeye nimemwandalia hoja za kufunga na za kufungua, nitachagua nikimwona uso.