Ua Lenye Matundu

"Mu Bukavu muzima, hakuna mutu anajua maua kunipita," Koko Adèle alisema, akinyoosha miguu kwenye benchi ya Maman Apolline. Akanywa chai kidogo. "Labda badudu. Bao kila asubui banafika mu shamba mbele yangu."

Benchi ikacheka. Iko pale Kasha, kando ya barabara, na wenye kuikalia ni walewale: Koko Adèle, bibi mkulima wa maua tangu meno yake yalipokuwa bado kamili, Tonton Zagabe, wanayemwita Article, yaani kifungu cha sheria, kwa sababu hatoki nyumbani bila statut, kanuni za association, mfukoni, na Maman Apolline mwenye chai, jina lake la utani Kijiko Moja. Onja chai yake, utajua sababu.

Lakini asubuhi hiyo kicheko cha Koko kilikuwa na kokoto ndani. Redio ilikuwa imetangaza: Association ya Wakulima wa Maua ya Hapa, ile inayokataza dawa za sumu, itamnyang'anya carte ya uanachama kila memba mwenye maua ya matundu. Na glaïeul za Koko, maua yake marefu, ukiziinua juani, utafikiri ni kichujio cha chai. Bila carte, salle, kumbi za ndoa kule Ibanda, hazimfungulii mlango, na Jumamosi alikuwa na ndoa.

"Banasema matundu inachafua jina ya association," Article alisema.

"Banakataza sumu, tena banakataza badudu. Sasa badudu baende wapi? Bachukue carte?"

"Carte bako nayo," Kijiko Moja alisema, akipanga beignet, mandazi yake ya moto, kwenye sahani. "Bengine bako mu comité."

Ndipo président wa association mwenyewe akatokea, Papa Honoré, tai shingoni, viatu visivyojua matope, ndoo ya maua ya rose nyekundu mkononi. Wanamwita Durable, yaani endelevu, wa kudumu. Hawezi kuomba hata chumvi bila kutia neno hilo. Miaka kumi na moja yuko kwenye kiti na uchaguzi hajaitisha. Hapo, kweli, yuko durable.

"Bonjour, famille durable!" Akakaa, akachukua beignet bila kuuliza. "Koko, leta carte. Roho inaniuma, lakini sheria ni sheria."

Koko akaitoa kwenye kitenge polepole, akaiweka kwenye benchi, kiganja juu yake.

"Mbele ya kuiachilia, nikuulize, Président. Rose zako, hakuna hata mududu moja yenye iligusa. Ju ya nini?"

"Badudu ba kwangu banaheshimu présidence," Durable alijibu, beignet ya pili ikimjaa mdomoni.

"Basi nikopeshe bawili bafundishe ba kwangu! Bale banafikiri miye ni restaurant."

"Ninapulizia pilipili na sabuni tu, Koko. Dawa ya nature. Hata mutoto anaweza kunywa."

Article akakohoa. Akafungua karatasi zake zilizochakaa kwenye mikunjo.

"Article ya saba," akasoma. "Memba yeyote anaweza kuomba mwenzake atafune ua lake mbele ya mashahidi."

Association haina laboratoire. Tangu mwanzo, kipimo chao cha sumu ni mdomo wa mkulima.

Koko hakungoja. Akanyofoa petali kwenye glaïeul yake, ile yenye matundu mengi kuliko zote, akatafuna kwa ufizi na meno manne, akameza, akafuta midomo.

"Inakosa chumvi tu," akasema. "Sasa weye, Président."

Durable akatoa rose moja kwenye ndoo. Akainusa. Akaisogeza mbali kidogo na pua.

"Miye singeweza kukataa," alisema, "lakini niko mu jeûne."

"Mu nini?"

"Mu jeûne, Koko! Tangu jana jioni. Pasteur alituomba tufunge siku tatu, hata maji hapana. Ningetafuna rose, ningevunja maombi."

Koko akachukua carte yake taratibu, akairudisha kwenye kitenge, akafunga fundo mara mbili. Kijiko Moja akainama, akaangalia sahani yake, kisha masharubu ya président yaliyojaa makombo, kisha mkono wake wa kushoto.

"Papa Durable," akauliza kwa sauti ya kanisani, "sasa ile beignet ya tatu yenye umeshika, nayo inasali?"